Hela ya matumizi ni ile ile, kapu linarudi jepesi, na mume anauliza pesa inaenda wapi

Shikamoo dada,

Samahani naandika ndefu ila sina mwingine wa kumwambia, mama yangu nikimwambia atakosa usingizi, na mashoga zangu ukiwaambia leo kesho kila mtu anajua. Mi nina miaka 11 kwenye ndoa, watoto watatu, mkubwa ana miaka 10 na wa mwisho ana miwili na nusu. Mume wangu ni mtu mzuri, hanywi, hana fujo, hela ya matumizi ananipa kila mwisho wa mwezi bila kukumbushwa, kwa hilo simlaumu. Shida hela yenyewe ni ile ile aliyokuwa ananipa miaka mitatu iliyopita, haijaongezeka hata kidogo. Mi nashona nguo kidogo kidogo hapa nyumbani lakini hela ya cherehani inaishia kwenye madaftari, sabuni, nauli, yaani siioni.

Zamani nikienda kununua vitu vya mwezi narudi na kapu limejaa mpaka mkono unauma, na wiki ya mwisho bado unga upo, mafuta yapo. Sa hivi ikifika tarehe 18 au 19 makopo yote matupu. Kila nikienda dukani kuna kitu kimepanda, leo mafuta, kesho sukari, na kingine wanakwambia hakijapanda ila ukikishika unajua kabisa kimepungua, pakiti ile ile, rangi ile ile, lakini nyepesi.

Nimejaribu dada, sio kwamba nimekaa tu. Mwezi wa juzi nikaona ofa ya viazi na vitunguu kwa gunia, nikasema hapa ndo nitaokoa, nikachukua vyote nikaviweka pamoja kwenye kona ya jikoni karibu na jiko, wiki ya tatu viazi vimeota na vitunguu vimelainika vinanuka, nikatupa kama theluthi. Siku ile nililia. Maziwa ya watoto nayo nayaongeza maji ili yafike jioni. Na mimi mwenyewe usiku sili, nawapakulia watoto na baba yao alafu nasema nilishakula wakati napika, nakunywa chai tu nalala. Siku hizi nikiinuka haraka naona kizunguzungu.

Kubwa zaidi ni hili ambalo hata mume wangu hajui. Miezi minne sasa nakopa kwenye simu kila tarehe 20 ili tufike mwisho wa mwezi, kila 100 narudisha 115, alafu nikishalipa kwenye ile hela mpya ya matumizi nakuwa nimeanza mwezi nikiwa pungufu, kwa hiyo nakopa tena.

Juzi alikuwa anasikiliza taarifa ya habari wakasema mfumuko wa bei umeshuka, akageuka akaniambia mbele ya watoto, sasa bei zinashuka we mbona hela haikutoshi, unaipeleka wapi? Nilinyamaza. Tangu siku ile najiuliza, labda kweli mi ni mbadhirifu na sijijui? Nikate nini tena? Na hili deni nimwambie au nilimalize kimya kimya? Nisaidie dada yangu.

Mke anayenyamaza

*

Marahaba mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla ya bei, kabla ya mume, nianze na sahani yako. Kuanzia leo usiku unakula. Sisemi ushibe kuliko wao, nasema upakue sahani tano badala ya nne, hata kama kila moja itapungua vijiko viwili, na ukae ule nao. Mwanamke anayelala na chai tupu miezi kadhaa alafu akiinuka anaona kizunguzungu, huyo damu inaweza kuwa imepungua, na chai yenyewe ukiinywa pamoja na chakula inazuia mwili kuchukua madini ya chuma, kwa hiyo ile chai unayojidanganya nayo haikusaidii. Nenda kituo cha afya wakupime damu wiki hii, usisubiri mwisho wa mwezi. Na chai isogeze, inywe saa moja au mbili baada ya kula. Najua kwa nini unafanya hivyo, kina mama wengi tunafanya, tunaona tumbo letu ndo sehemu rahisi ya kukata kwa sababu halipigi kelele. Lakini wewe ndo unayeiendesha hiyo nyumba, ukianguka hiyo hela ya matumizi itaenda yote kwenye dawa.

Maziwa ya mtoto pia acha kuyaongeza maji. Mtoto wa miaka miwili na nusu bora anywe nusu kikombe cha maziwa yenyewe kuliko kikombe kizima cha maji meupe, kwa sababu maji yanamjaza tumbo na njaa ya chakula inaondoka. (Na anayesoma hapa akiwa na mtoto mchanga wa maziwa ya kopo, huyo ndo kabisa, usizidishe maji hata kidogo zaidi ya yanayoandikwa kwenye kopo, ni hatari kwake.)

Sasa hilo la taarifa ya habari, maana naona ndo lililokuchoma. Mume wako hajasema uongo, amesikia vibaya, na sio yeye peke yake, watu wengi sana wanasikia hivyo. Mfumuko wa bei ukishuka haina maana bei zimeshuka, ina maana bado zinapanda ila polepole kuliko mwanzo. Gari linalopanda mlima likipunguza mwendo halijaanza kuteremka. Chukua karatasi tufanye hesabu ya mfano tu: kapu lako lilikuwa 100. Mwaka wa kwanza bei zikapanda asilimia 20, likawa 120. Mwaka wa pili asilimia 10, lakini hiyo 10 inahesabiwa juu ya 120 sio juu ya 100, likawa 132. Mwaka wa tatu asilimia 5, redio inatangaza kwa furaha mfumuko umeshuka kutoka 20 mpaka 5, na kapu lako sasa ni 138 na ushee. Wewe bado unapewa 100. Hiyo 100 inanunua kama 72 tu ya vile ulivyokuwa unanunua, yaani zaidi ya robo ya kapu imeondoka na hakuna mtu aliyeiba wala kuchezea. Weka takwimu za nchi yoyote unayokaa mle ndani, namba zitabadilika lakini hesabu inakwenda hivyo hivyo.

Alafu ile asilimia wanayotangaza ni ya wastani wa vitu vyote, kodi za nyumba, simu, nguo, nauli, samani, vyote vinachanganywa. Familia ambayo hela yake nyingi inaenda kwenye chakula, chakula kikipanda kuliko vingine yenyewe inaumia kuliko wastani. Hili lilishaonekana zamani, mtakwimu mmoja Mjerumani anaitwa Ernst Engel mwaka 1857 alionyesha kwamba kipato kikiwa kidogo ndo sehemu kubwa zaidi ya kipato hicho inaishia kwenye chakula. Na duniani kote chakula kilipanda vibaya sana miaka ya karibuni, kile kipimo cha bei za vyakula cha FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, kilifika juu kabisa Machi 2022, hakijawahi kufika pale tangu kianze mwaka 1990, baada ya vita vya Ukraine kuanza, maana Urusi na Ukraine ni wauzaji wakubwa wa ngano na mafuta ya alizeti. Baadaye kikateremka. Lakini kile kinapima bei za bidhaa kwenye masoko ya dunia, kabla hazijafika dukani kwako, na hapo katikati kuna usafiri, umeme, vifungashio, kodi ya fremu ya mwenye duka, mishahara, na hivyo vikishapanda ni nadra kurudi. Kwa hiyo ukikaa kusubiri bei zirudi za miaka mitatu iliyopita utasubiri sana.

Jibu la swali lako basi: hapana, wewe sio mbadhirifu. Kuna makosa umefanya ndio, nitayasema, ila hata usingeyafanya hiyo hela isingetosha, na hili nataka ulishike kabla hujaenda kuongea na mumeo, kwa sababu ukienda na roho ya mtu mwenye hatia utaishia kuomba msamaha badala ya kuongea hesabu.

Tuje kwenye lile gunia. Kununua jumla kunaokoa pale tu ambapo kitu kitaliwa chote. Viazi na vitunguu ukiviweka pamoja vinaharibiana, na joto la jiko linamalizia. Viazi vinataka giza, ubaridi na hewa, vitunguu vinataka ukavu na hewa, kila kimoja kivyake, na kabla ya kuvihifadhi unachagua vile vilivyochubuka unavipika kwanza maana kimoja kikioza kinaambukiza vingine. Kwa familia ya watu watano mi ningekwambia gunia mgawane na ndugu au jirani mmoja unayemwamini, bei ya jumla mnaipata na hakuna anayetupa. Na usijichukie kwa ile theluthi, ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilisema mwaka 2022 majumbani peke yake dunia nzima zilitupwa tani milioni 631 za chakula, zaidi ya migahawa na maduka yakijumlishwa. Ni ugonjwa wa nyumba nyingi. Ila kwako wewe ukitupa theluthi ya gunia maana yake ile ofa haikuwa ofa tena, theluthi mbili ulizokula umezilipia bei ya gunia zima, na huenda kununua kwa kilo kilo kungekuwa nafuu.

Dukani sasa, hapo nataka uwe mkali. Hiyo pakiti unayosema imekuwa nyepesi hujakosea. Ikitoka gramu 1000 ikawa gramu 900 na bei ikabaki pale pale, imepanda asilimia 11, tena bila mtu kukwambia. Usiangalie bei, angalia bei gawanya kwa uzito, simu unayokopea ina kikokotoo kitumie. Mara nyingine pakiti kubwa ni nafuu, mara nyingine pakiti mbili ndogo ndo nafuu, usiamini kwa macho. Na kwenye mafuta ndo watu wengi wanaliwa: lita sio kilo. Lita moja ya mafuta ya kula ina uzito wa kama gramu 920 tu, kwa hiyo ukiona chupa ya lita moja na pakiti ya kilo moja bei sawa, ya kilo ina mafuta zaidi. Zile za nembo kubwa zinazotangazwa, jaribu za nembo ndogo kwa kitu kimoja kimoja, sukari ni sukari, chumvi ni chumvi, ila kama kuna kitu mkijaribu watoto hawali basi rudi kwenye kile cha zamani, chakula kisicholiwa ni hasara tu hata kiwe rahisi vipi.

Jikoni usikate protini ya watoto. Punguza nyama, sawa, ifanye iwe ya kutia ladha kwenye kitu kingine badala ya kuwa ndo mlo, lakini usiache pengo. Maharage, dengu, kunde, choroko, chochote cha jamii hiyo kinachopatikana ulipo ndo rafiki yako. Kilo moja ya maharage makavu ikiiva inakuwa kama kilo mbili na nusu, na kikombe kimoja cha yaliyoiva kina protini kama gramu 15 wakati yai moja lina kama 6. Yaloweke usiku, mwaga yale maji, yanaiva haraka na gesi au mkaa unabaki, maana moto nao ni hela. Yale mekundu makubwa lazima yachemke hasa, moto mkubwa dakika 10 au zaidi kabla hujapunguza, yasipoiva vizuri yanaumiza tumbo. Na upande wake weka kitu chenye vitamini C, nyanya, limao, tunda lenye uchachu, ndo mwili unachukua yale madini ya chuma vizuri, na wewe hasa unayahitaji. Cha kukata bila huruma ni soda, juisi za pakiti, biskuti na vile vya kutafuna vya watoto vya kila siku, ukivijumlisha mwezi mzima utashtuka, mi nilivijumlisha vya kwangu mwaka fulani nikakuta ni karibu hela ya unga wa mwezi.

Kiporo usikiache nje zaidi ya saa mbili, hasa wali, kifunike ukiweke kwenye friji na ukila kipashe mpaka kitoe moshi. Kama friji hakuna basi pima, pika kinachoisha.

Sasa daftari. Najua umechoka na neno hilo, kila mtu anasema andika matumizi, lakini mi sitaki uandike ili ujikaripie, nataka uandike ili uwe na kitu cha kuweka mezani. Wiki nne, kila kitu, hata kiberiti: tarehe, kitu, uzito, bei. Risiti zote usitupe. Alafu tafuta risiti ya zamani hata moja, wengine zimebaki kwenye droo, kwenye pochi ya zamani, ndani ya kitabu, au kumbuka bei ya vitu kumi tu vya miaka mitatu iliyopita muulize na dada yako au jirani wathibitishe. Vitu kumi hivyo uviandike kwa mistari miwili, wakati ule na sasa, ujumlishe. Hiyo ndo itakuwa mfumuko wa bei wa nyumba yako, na mumeo hawezi kubishana nao kwa sababu sio maneno yako, ni bei.

Kuhusu kumwambia. Deni mwambie. Usilimalize kimya kimya, kwanza haliwezi kuisha kimya kimya, hesabu tena: kila 100 unalipa 15 juu, ukienda hivyo mwaka mzima utakuwa umelipa 180 ya riba peke yake na ile 100 bado inakuzunguka. Hiyo 15 ya kila mwezi ingekuwa mayai ya watoto. Na pili, siri ya hela kwenye ndoa ikigundulika inafanana na siri nyingine zote, mtu haulizi tena ulikopa kwa nini, anauliza na nini kingine unanificha. Mi hili nalijua kwa mwili wangu, nilishawahi kuficha deni dogo tu la vyombo, na mume wangu alipolijua hakukasirikia deni, aliumia kwamba nilikuwa namwogopa.

Usimwambie akiwa ndo kaingia amechoka, wala mbele ya watoto kama alivyokufanyia yeye. Subiri siku ya mapumziko watoto wametoka au wamelala, anza na daftari kwanza, mistari miwili ya vitu kumi, mwache asome mwenyewe usimwelezee sana, alafu ndo umwambie, baba fulani hii tofauti nilikuwa naiziba kwa kukopa kwenye simu na kwa kulala njaa, na sitaki kuendelea. Umwambie na neno la siku ile lilikuumiza. Sema hivyo hivyo kwa sauti ya kawaida. Alafu muombe kitu kimoja, mwezi huo manunuzi aende yeye, au muende wote, na ile ile hela, orodha ile ile. Usimpeleke kama mtego wa kumkomoa, mpeleke kwa sababu mtu ambaye hajashika bei miaka mitatu kichwani kwake mafuta bado ni ya bei ile ya zamani, na hilo sio roho mbaya, ni kwamba hajaenda dukani.

Huenda akaongeza, maana mtu anayetoa kila mwezi bila kukumbushwa sio mtu asiyejali. Na huenda akakwambia mshahara wake wenyewe haujapanda na alikuwa anaona aibu kusema, hili nalo linatokea sana kuliko tunavyodhani. Hapo msibishane nani anateseka zaidi, mfungue daftari lile lile muandike na ya kwake, nauli yake, vocha, michango, chakula cha mchana kazini, muone wapi pana nafasi upande wake pia maana mpaka sasa kukata kote umekata wewe. Na hela ya cherehani iandike kama mapato ya nyumba, isiwe inapotea bila jina, akione na yeye unachochangia.

Deni mlipangie pamoja: lilipeni lote mwezi mmoja hata kama mwezi huo mtakula kwa kujibana, au kama haiwezekani, kopeni kwa ndugu asiyetoza riba mlifute la simu alafu mumlipe ndugu taratibu kwa tarehe mliyomwahidi. Ukishalifuta futa na ile programu kwenye simu. Tarehe 20 ya mwezi huu ikifika kabla hamjakaa, usikope, mwite mkae siku hiyo hiyo hata kama daftari lina wiki mbili tu.